Shitipaili Inayozama bila Ugomvi: Mwongozo Kamili wa Kuibuni

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kando ya boma la kuzuilia maji ufukweni, nikitazama kreni ikiing'oa paili ya bamba la chuma iliyogoma mita mbili juu ya kina chake. Ilipotoka, ncha ilikuwa imejikunja kama ukurasa wa daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Mahesabu ya ukuta hayakuwa na kosa. Niliyapitia mwenyewe usiku ule. Momenti (nguvu inayotaka kuupinda ukuta), kina cha kuzama, nguvu ya mihimili ya kuegemeza, vyote vilikaa sawa. Swali ambalo hakuna aliyejiuliza ni hili: chuma hiki kitafikaje huko chini?

Michoro mingi hueleza ukuta ukishasimama, udongo ukiusukuma upande mmoja na shimo likiwa wazi upande wa pili. Lakini shitipaili nyingi hupata mateso makubwa kuliko yote siku ya kwanza, katika dakika chache za kuzamishwa. Ukiichagua kwa kutazama momenti peke yake, umebuni nusu tu ya kazi.

Kinachokataa ni nini hasa?

Shitipaili ni bamba la chuma lenye mikunjo, ambalo ubavuni lina ndoano ya kushikana na jirani yake. Ndoano hiyo naiita kufuli; mafundi wengi huiita loki. Bamba likishuka hukutana na upinzani wa aina tatu. Kwanza nchani, ambako chuma lazima kiusukume udongo kando. Pili mwilini, ambako udongo unasugua nyuso zote mbili za bamba. Na kwa sababu ya mikunjo, kila uso ni mkubwa kuliko ukuta unaouona kwa macho, kama mara 1.2 hadi 1.4. Tatu ni ndani ya kufuli, chuma kikisuguana na chuma kingine, mara nyingi mchanga ukiwa katikati kama msasa.

Upinzani wa kwanza na wa pili unatokana na udongo, na udongo hukuuchagua. Wa tatu uko mikononi mwako. Kila eneo la kazi nililopita limeonyesha jambo lilelile: paili ya kwanza inazama kama kisu kwenye papai, ya kumi inaanza kulalamika, ya ishirini inagoma. Ukipima udongo wa pale ilipogoma, ni uleule wa mwanzo. Kilichobadilika ni kwamba ukuta umeinama kidogo kidogo, kufuli limekuwa likibanwa zaidi kwa kila paili, na sasa nyundo inapambana na chuma, si ardhi. Ukilishika hilo, hatua nyingi zinazofuata zitajieleza zenyewe.

Tatizo lina umri wa shitipaili yenyewe. Mhandisi Tryggve Larssen wa Bremen, Ujerumani, alipoleta umbo la U mwaka 1902, sehemu ya kufuli iliungwa kwenye bamba kwa ribiti. Baadaye viwanda vikaweza kulifinya kufuli pamoja na bamba lenyewe chuma kikiwa moto, na kazi ya kupiga paili ikawa nyepesi.

Hatua ya 1: Usome udongo kwa jicho la mpigaji

Ripoti ya udongo itakupa kipimo cha SPT: nyundo ya kilo 63.5 inaachiwa kutoka sentimita 76, na unahesabiwa mapigo yanayohitajika kushusha bomba sentimita 30 za mwisho. Hiyo ndiyo N. Mchanga wenye N chini ya 10 ni legevu, kati ya 10 na 30 ni wa wastani, 30 hadi 50 umeshikana, na zaidi ya 50 umekaza kabisa.

Mbunifu wa msingi hupenda kuchukua wastani. Kwa kupiga paili, wastani ni mtego. Mita nane za N 12 na mita moja ya N 48 hazikupi N 16. Zinakupa paili inayoshuka vizuri kisha kukunjika ncha. Tafuta tabaka gumu kuliko yote ambalo ncha italipita, andika kina chake na unene wake, kisha ubuni kwa ajili ya tabaka hilo.

Hakikisha pia mashimo ya uchunguzi yako kwenye mstari wa ukuta. Mara nyingi yanachimbwa katikati ya kiwanja, jengo litakapokaa, huku ukuta ukipita mita 30 pembeni, kwenye kingo za mto wa zamani au kifusi ambacho hakuna anayekikumbuka. Kwenye kifusi usiamini namba yoyote. Chimba kwa ekskaveta utazame kwa macho. Jiwe moja la ukubwa wa pipa linatosha kuharibu kufuli.

Mchanga mlegevu uliojaa maji ni rafiki wa nyundo ya mtetemo, kwa sababu ukitikiswa hugeuka kama uji. Mfinyanzi mgumu haufanyi hivyo. Unashikilia chuma na kutikisika pamoja nacho. Mfinyanzi laini nao una tabia yake: ukivurugwa hulegea, ukiachwa utulie hushika tena. Kwa hiyo paili iliyoachwa nusu jioni katika udongo huo inaweza kukataa kabisa asubuhi. Panga ratiba ili kila paili iliyovuka katikati imalizwe siku hiyohiyo.

Halafu kuna matumbawe. Sehemu nyingi za pwani ya Kenya na Tanzania, chini ya mchanga kuna mwamba wa matumbawe wa zamani, na mwamba huo hauna adabu. Unakuta gamba gumu la nusu mita, chini yake uwazi au mchanga mweupe, kisha gamba jingine. N inaruka kutoka 50 hadi 8 hadi 50. Shitipaili haikutengenezwa kutoboa mwamba. Ukiona mchoro wa namna hiyo kwenye ripoti, usihangaike kutafuta paili nene zaidi. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 8.

Hatua ya 2: Chagua umbo na upana

Maumbo makuu ya kuta za kawaida ni mawili. Katika umbo la U, kufuli liko katikati ya unene wa ukuta. Katika umbo la Z, kufuli liko kwenye uso wa nje. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ukuta wa U ukipinda, nguvu ya kukata iliyo kubwa kuliko zote hupita palepale kwenye kufuli. Kufuli likiteleza, paili mbili zinaanza kufanya kazi kila moja kivyake na ukuta unapoteza sehemu ya uwezo wake. Ndiyo maana kanuni ya Ulaya EN 1993-5 inapunguza uwezo wa U kwa vigawo maalumu, na ndiyo maana viwanda huuza U zikiwa jozi zilizobanwa kwenye kufuli la katikati. Z haina shida hiyo.

Z ina shida nyingine. Ukiibeba moja peke yake, inajisokota, kwa kuwa haina ulinganifu. Z hupigwa kwa jozi. U unaweza kuipiga moja moja pale ambapo kreni ni ndogo au nafasi ni finyu, na kwa kazi za muda za kung'oa na kurudia, wakandarasi wengi bado wanaipenda. Hawajakosea.

Kuhusu upana, nina msimamo: chukua pana kadiri udongo na mashine zitakavyoruhusu. Zamani paili za milimita 400 au 500 zilikuwa kawaida. Leo kuna 600, 700, 750 na zaidi. Paili pana maana yake ni kufuli chache kwa kila mita ya ukuta, mapigo machache, na nafasi chache za kuinama. Kwa kuwa mfereji wa paili pana, yaani lile bonde katikati ya mikunjo, umefunguka, udongo haushindiliwi ndani yake kama kwenye mfereji mwembamba wa kina, ambao katika mchanga hugeuka kizibo na kuifanya paili ishuke kama mti mzima.

Tuchukue mfano. Boma lina ukuta wa mita 42, paili za mita 12, mita 11 zikizama ardhini. Mahesabu yametoa momenti ya kNm 310 kwa kila mita. Kwa chuma cha S355GP, kinachostahimili nyutoni 355 kwa milimita ya mraba, gawanya 310 kwa 355: unahitaji moduli ya mkato, yaani kipimo cha uwezo wa umbo kukataa kupinda, ya sentimita za ujazo 873 kwa mita. PU 12, umbo la U lenye upana wa milimita 600, ina 1,200. Kwa nguvu imepita na chenji inabaki. Udongo: mchanga wa N 15, halafu kuanzia mita ya 7 kuna N 40.

Ningeiweka kwenye mchoro? Hapana. Tazama AZ 18-700, umbo la Z lenye upana wa milimita 700. Moduli yake ni 1,800, lakini uzito wa ukuta ni takriban kilo 109 kwa mita ya mraba, wakati PU 12 ni kilo 110. Kwa chuma kilekile umepata ukakamavu zaidi, na badala ya paili 70 unapiga 60. Kufuli kumi zimetoweka bila kulipa hata shilingi.

Hata hivyo bamba la AZ 18-700 lina unene wa milimita 9 tu, na lile tabaka la N 40 linanitia wasiwasi. Ningepanda hadi AZ 20-700, yenye unene wa milimita 10 na uzito wa takriban kilo 119 kwa mita ya mraba. Ukuta wote ni mita za mraba 504, hivyo nyongeza ni kama tani 5 za chuma. Weka bei ya tani hizo upande mmoja, na upande wa pili weka siku mbili za kreni, nyundo, na watu wanane wamekaa kivulini wakisubiri paili iliyogoma. Mkandarasi mwenye uzoefu hataomba kikokotoo.

Hatua ya 3: Unene na daraja la chuma

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Daraja za chuma cha shitipaili kinachofinywa kikiwa moto zinaanzia S240GP hadi S430GP, na namba ni nguvu, kwa nyutoni kwa milimita ya mraba, ambayo chuma huanza kupinda bila kurudi. Daraja la juu linalinda kichwa kisifumuke chini ya nyundo na ncha isikunjike. Lakini halikifanyi chuma kiwe kikakamavu zaidi. Paili ndefu inayochezacheza kama fimbo chini ya mtetemo itaendelea kuchezacheza hata ukibadilisha S270GP kuwa S430GP, kwa sababu unyumbufu wa chuma ni uleule, takriban GPa 210. Tiba ya kuchezacheza ni umbo lenye kimo kikubwa zaidi, au kuishika paili katikati kwa fremu.

Kwa hiyo: ncha au kichwa vikikuogopesha, panda daraja. Urefu ukikuogopesha, panda umbo. Mimi siagizi chini ya S355GP kwa udongo wenye tabaka la zaidi ya N 30, na kwa nyundo ya kugonga nahakikisha mkazo wa pigo unabaki chini ya asilimia 90 ya nguvu ya chuma.

Kwa ukuta wa kudumu baharini, kutu inakusaidia bila kujua. Jedwali za EN 1993-5 zinakadiria kwamba katika miaka 50 chuma kilicho chini ya maji ya bahari muda wote kitapoteza milimita 1.75 kwa upande, na kile kilicho kwenye ukanda wa mawimbi na maji madogo milimita 3.75. Jedwali hizo ni za hali ya hewa ya wastani. Bahari yetu ina joto, basi usizichukue kama msahafu. Ila angalia: unene unaouongeza leo ili uliwe na kutu kesho, siku ya kupiga uko mzima. Mbunifu wa gati hupata akiba hiyo bure. Anayebuni boma la muda la miezi sita hana akiba ya kutu, na ndiye mara nyingi anayechora bamba jembamba kuliko yote.

Hatua ya 4: Kufuli, mahali pa kutumia muda wako

Anza na aina. Paili iliyofinywa moto ina kufuli lililokaza na lenye umbo kamili. Iliyokunjwa baridi kutoka kwenye bamba jembamba ina kufuli legelege zaidi, hupitisha maji zaidi, na katika udongo mgumu hufunguka mapema. Kwa mfereji wa bomba kwenye udongo laini inatosha sana. Kwa mfano wetu, haitoshi.

Mzigo ukishuka kutoka kwenye lori, usiupokee kwa kuhesabu tu. Kiwango cha EN 10248 kinaruhusu paili ipinde kwa asilimia 0.2 ya urefu wake, yaani milimita 24 kwa paili ya mita 12. Vuta uzi kutoka mwisho hadi mwisho, upime. Kisha kata kipande kifupi cha paili ya aina ileile, kipitishe ndani ya kufuli zima kwa mkono au kwa kamba. Mahali kinapokwama ndipo nyundo ingekwama, na kupanyoosha hapo juu ni kazi ya saa moja. Paili zilizotumika zamani zipitishe zote bila huruma. Zipange juu ya magogo yaliyolingana. Paili iliyolala miezi miwili juu ya mawe mawili haitanyooka kwa kuombewa.

Mchanga unaoingia kwenye kufuli lililo wazi ndio adui wa siku zote. Paili ikishuka, kufuli lake la mbele, linalomsubiri jirani, linajaa mchanga uliobanwa. Jirani akija, anakuta kizibo. Dawa ni rahisi mno hata inasahaulika: chomea kwa pointi ndogo kipande cha chuma au bolti kwenye mdomo wa chini wa kufuli hilo la mbele, ili kizuie mchanga. Jirani akifika chini atakisukuma kitoke. Kiandike kwenye mchoro, la sivyo hakitafanyika. Na kwa zile aina za Marekani zenye kichwa cha mviringo upande mmoja na tundu upande wa pili, kichwa ndicho kitangulie mbele. Tundu likitangulia, unachota mchanga kwa kijiko.

Grisi au mchanganyiko wa lami ndani ya kufuli hupunguza msuguano na pia hupunguza maji yanayovuja. Upakwe kwenye kufuli safi na kavu. Ukichagua dawa ya kuziba inayovimba ikiguswa na maji, ifunike mvua isiifikie kabla ya kupiga. Nimeona kazi ya siku tatu ikiharibiwa na manyunyu ya alfajiri.

Kufuli la kawaida linakubali kuzunguka nyuzi 5 hivi. Kona kali isitafutwe kwa kulilazimisha kufuli. Agiza vipande vya kona tangu mwanzo, viwe kwenye orodha ya vifaa.

Hatua ya 5: Ncha

Ikate mraba. Nimeona watu wakiikata paili meno kama ya msumeno ili "iume" matumbawe. Meno hukunjika, na lililokunjika huivuta paili upande wake. Ncha ya mshazari nayo hufanya usukani: udongo unasukuma upande mmoja, paili inakimbilia upande wa pili.

Kama tabaka gumu ni jembamba, chomea bamba la kuimarisha kwenye ncha, urefu wa sentimita 30 hadi 50, juu ya sehemu bapa na pembe za mfereji. Usilifanye nene kupita kiasi. Kila milimita inayotokeza nje inachimba njia pana kuliko paili. Paili inashuka kwa raha, lakini nyuma yake inaacha udongo uliolegea, na ule msuguano ambao mahesabu ya ukuta yaliutegemea umeondoka. Uchomeleaji ukae mbali na kufuli, kwa kuwa joto hulipinda.

Hatua ya 6: Nyundo, na hesabu fupi

Wavuvi wanaojenga uzio pwani hawazipigi fito zao kwa rungu. Maji yakitoka, mtu anaushika ufito, anautikisatikisa huku akiulemea, na unazama kwenye mchanga mbichi. Nyundo ya mtetemo ni wazo hilohilo lenye injini: vyuma vilivyowekwa kando ya mhimili vinazunguka kwa kasi na kuitikisa paili juu na chini.

Kipimo cha kwanza cha ukubwa wake ni kanuni ya vitendo: nguvu ya mtetemo kwa kilonyutoni iwe si chini ya 15 × (t + 2m/100), ambapo t ni kina cha kuzama kwa mita na m ni uzito wa paili kwa kilo. Jozi ya AZ 20-700 ya mita 12 ina kilo kama 2,000, kina ni 11, hivyo 15 × (11 + 40) = kN 765.

Sasa angalia mashine inayopatikana. Tuseme ina momenti ya kilo-mita 24 (hapa ni uzito wa vile vyuma mara umbali wake kutoka kwenye mhimili, si momenti ya ukuta) na inazunguka mara 1,800 kwa dakika. Kasi ya mzunguko ni radiani 188.5 kwa sekunde. Kipeo chake cha pili mara 24 kinatoa kN 853 hivi. Imepita. Lakini usiishie hapo. Nguvu bila mwendo haishushi kitu, hivyo tafuta mwendo wa juu na chini: mara mbili ya momenti, gawanya kwa uzito wote unaotikisika. Kama sehemu inayotikisika ya mashine pamoja na taya ina kilo 3,000, ongeza jozi ya kilo 2,000: 48 ÷ 5,000, karibu milimita 9.6 paili ikiwa hewani. Ardhini utapungua, lakini kuna cha kupunguza. Ungechukua paili nzito zaidi kwa mashine ileile, mwendo ungeshuka. Ndiyo maana umbo na nyundo huchaguliwa pamoja, si mmoja mwezi Januari na mwingine mwezi Juni.

Kwa mfinyanzi mgumu na mita za mwisho ndani ya tabaka lililokaza, nyundo ya kugonga ndiyo yenyewe. Chagua pigo zito linaloanguka umbali mfupi kuliko pigo jepesi linaloanguka kutoka juu. Jepesi hufumua kichwa kabla nguvu haijafika chini. Kofia ya nyundo ifunike jozi nzima.

Mjini, karibu na hospitali au majengo yenye nyufa, kuna njia ya tatu: kusukuma kwa haidroliki. Mashine inashikilia paili zilizokwisha kuzama na kutumia ukinzani wao kusukuma inayofuata, bila kelele wala mtetemo. Akio Kitamura alianza kuitumia Kochi, Japani, mwaka 1975. Ni ya polepole na ya gharama, lakini jirani anaendelea kulala.

Hatua ya 7: Fremu na mpangilio

Paili ikishuka ikiwa imeshikana na jirani upande mmoja tu, msuguano wa kufuli unaivuta upande huo huku upande wa mbele ukiwa huru. Upande huru unatangulia, na ukuta unaanza kuinama kuelekea mbele. Hapo ndipo ule ugomvi wa paili ya ishirini unapozaliwa.

Kwanza, fremu ya boriti katika ngazi mbili, moja karibu na ardhi na nyingine juu kadiri inavyowezekana, zimefungwa zisisogee. Fremu ya ngazi moja ni mapambo. Pili, acha kupiga jozi moja hadi mwisho kisha inayofuata, isipokuwa paili ni fupi na udongo ni laini. Simamisha kundi la jozi kadhaa kwenye fremu, zikiwa zimeshikana zote, zisawazishe kwa timazi, kisha zishushe kwa awamu: ya kwanza na ya mwisho kidogo, halafu za katikati, kisha rudi tena. Jozi ya mwisho iache juu, iwe mwanzo wa kundi linalofuata. Kwenye tabaka gumu, tanguliza jozi ya 1, 3 na 5 zenye ncha zilizoimarishwa, kisha zifuate 2 na 4.

Opereta asogeze taya za nyundo kidogo kutoka katikati kuelekea upande wa kufuli lililoshikana, ili msukumo ukae juu ya upinzani. Kwenye nchi kavu, kiwango cha Ulaya EN 12063 kinaruhusu paili ielemee kwa asilimia 1 na mahali pake pahame milimita 75. Majini asilimia 1.5 na milimita 100. Usisubiri ufike huko. Mimi nasimamisha kazi kwenye nusu ya asilimia, kwa kuwa kurekebisha mapema ni kuvuta kwa winchi, na kurekebisha kwa kuchelewa ni kuagiza paili ya kabari.

Hatua ya 8: Maji na kekee

Katika mchanga ulioshikana, bomba jembamba lililochomelewa ndani ya mfereji wa paili na kupeleka maji ya bari 15 hadi 20 kwenye ncha linaweza kugeuza kazi ya nusu saa kuwa ya dakika tano. Mabomba hayo yabuniwe pamoja na paili, mawili hadi manne kwa jozi, midomo ikae pasipozibika. Funga maji kwenye mita ya mwisho, ili ncha ikae kwenye udongo ambao haukuvurugwa. Karibu na mikoko au mashamba ya mwani, tope litakalotoka liwe limefikiriwa kabla ya kibali, si baada ya malalamiko.

Kwa matumbawe na mfinyanzi mgumu, toboa kwanza kwa kekee, yaani skrubu ndefu ya kuchimbia, kwenye mstari wa kila jozi, ili kulegeza udongo bila kuutoa nje. Kwenye gamba la matumbawe toboa hadi chini ya gamba, jaza mchanga, kisha piga. Gharama ya kekee ni kubwa. Iweke kwenye bajeti ya zabuni, kwa sababu ukiiacha itarudi kama dai la mkandarasi.

Hatua ya 9: Jaribio na daftari

Kabla ya kuagiza mzigo wote, piga jozi mbili au tatu mahali ambapo ripoti inaonyesha udongo mgumu zaidi, kisha zing'oe. Sentensi hii moja imeniokolea pesa nyingi kuliko programu yoyote.

Kila jozi iandikiwe muda kwa kila mita kwa nyundo ya mtetemo, au idadi ya mapigo kwa nyundo ya kugonga. Nikiona mtetemo unashuka chini ya nusu mita kwa dakika na hauongezeki, nasimamisha, kwa sababu kufuli linaanza kuchemka. Kwa nyundo ya kugonga, mapigo kumi kwa milimita 25 ni ishara kwamba paili imegoma. Kuendelea ni kuvunja chuma.

Ikigoma, ing'oe uisome. Ncha ikiwa imekunjika, tatizo ni udongo au jiwe: rudi hatua ya 5 na ya 8. Ncha ikiwa nzima lakini kufuli lina rangi ya buluu au limeng'aa kama kioo, tatizo ni mwelemeo au mchanga kwenye kufuli: kagua fremu na vizibo, si nyundo. Vyote vikiwa vizima, bamba safi, kufuli baridi, basi nyundo ni ndogo, na hapo ndipo kumpigia simu mwenye mashine kubwa kunakuwa na maana.